Chakula cha Mgonjwa wa Figo: Shauri, Si Makatazo

Yapo maradhi yapigayo hodi kwa kishindo, mtu akayatambua siku ile ile yalipomwingia. Malaria humtetemesha mgonjwa, na jino bovu halimpi usingizi. Maradhi sugu ya figo hayana desturi hiyo. Huingia kimya kimya, yakakaa mwilini mwaka wa kwanza, wa pili na wa tano, na mwenye mwili akaendelea na shamba lake au ofisi yake kama kawaida, hata siku ambayo miguu inavimba, pumzi zinakuwa fupi na chakula hakitamaniki tena. Siku hiyo aghalabu sehemu kubwa ya nguvu za figo imekwisha kupotea, wala hairudi.

Maradhi haya si ya watu wachache, wala si ya nchi za mbali. Uchunguzi uliofanywa katika mkoa wa Kilimanjaro, na matokeo yake kutangazwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba katika kila watu wazima 100 wapatao 7 walikuwa nayo. Mjini hesabu ilifika 15 katika 100, hali vijijini ilikuwa 2 tu. Na walio wengi miongoni mwao hawakujua kwamba ni wagonjwa mpaka walipopimwa. Mwezi wa Mei mwaka 2025 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzihimiza nchi wanachama kuzilinda figo za watu wao, jambo lililodhihirisha kwamba dunia nzima imeanza kuiona hatari hii.

Nchini Tanzania hatua zimepigwa. Mwaka 2017 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza, na mwaka 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa mjini Dodoma ikafuata. Mashine za kusafisha damu, zilizokuwa zikihesabika kwa vidole, zimeenea katika miji mingi. Haya ni mambo ya kujivunia. Lakini leo twapenda kuzungumza juu ya chombo kisichoagizwa kwa meli wala kwa ndege, ambacho kila nyumba inacho. Chombo hicho ni sufuria. Na pamoja na sufuria twapenda kumtaja mtu ambaye wagonjwa wengi wa figo hawajapata kukaa naye hata kwa saa moja, naye ni mtaalamu wa lishe.

KAZI YA FIGO

Binadamu ana figo mbili, kila moja yapata ukubwa wa ngumi, zilizokaa upande wa mgongo chini ya mbavu. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo mno vipatavyo milioni moja. Kwa siku moja vichujio hivyo huchuja kama lita 180 za majimaji ya damu. Karibu yote hurudishwa mwilini, na lita moja au mbili tu hutoka nje kuwa mkojo. Zaidi ya hayo figo husawazisha maji, chumvi na asidi ya damu, hutuliza shinikizo la damu, husaidia kutengeneza chembe nyekundu za damu, na huifanya vitamini D iweze kuimarisha mifupa.

Kutokana na hayo ni rahisi kufahamu kwa nini chakula kinahusika. Kila tulacho huacha mabaki ambayo mwili hauyahitaji. Nyama, samaki, mayai na maharage vina protini ijengayo mwili, lakini protini ikiisha kutumika huacha taka iitwayo urea. Ndizi, viazi na matunda vina potasiamu. Maziwa, dagaa na nafaka vina fosforasi. Figo nzima huyatoa yote hayo bila sisi kuhisi neno. Figo iliyochoka huyaacha yakusanyike. Urea ikizidi, mgonjwa hupatwa na kichefuchefu na kukosa hamu ya kula. Chumvi na maji yakizidi, miguu huvimba na mapafu hulemewa. Fosforasi ikizidi, mifupa hudhoofika na mishipa ya damu hukakamaa. Na potasiamu ikipanda sana, moyo waweza kusimama ghafla, pasipo dalili ya kumtahadharisha mwenyewe wala jamaa zake.

Visababishi vikubwa vya maradhi haya ni kisukari na shinikizo la damu. Madaktari wameyagawa madaraja matano kwa kadiri ya uwezo wa kuchuja uliobaki: daraja la kwanza kipimo ni 90 na zaidi, na daraja la tano kimeshuka chini ya 15. Mgonjwa wa daraja la pili na mgonjwa wa daraja la tano wana maradhi ya jina moja, lakini sahani zao hazifanani hata kidogo. Hapa ndipo kosa kubwa lianziapo.

ORODHA YA “USILE”

Katika zahanati na hospitali zetu, mgonjwa anapoambiwa kwamba figo zake zimedhoofika, mara nyingi hupewa maneno machache mlangoni: usile nyama, usile maharage, usile ndizi, usinywe maziwa, acha chumvi. Daktari ana foleni ndefu inayomngoja, na hatuwezi kumlaumu. Mgonjwa huenda nyumbani na makatazo yake. Jirani humwongezea mengine, mjomba humletea mengine kutoka mjini, na simu ya mkononi humletea mengine kumi usiku huo huo. Mwisho mtu yule hubaki na uji mweupe, wali mkavu na hofu.

Baada ya miezi michache nguo zinampwaya. Jamaa husema ni maradhi yanayomla. Kumbe sehemu ya mashaka yale ni njaa, njaa iliyoletwa na makatazo ambayo hakuna aliyeyapima. Mwili usiopata chakula cha kutosha huanza kula nyama yake wenyewe, na nyama hiyo nayo huacha urea ile ile iliyokuwa ikiogopwa. Madaktari wa figo duniani wanakubaliana kwamba mgonjwa aliyedhoofu kwa utapiamlo yu katika hatari kubwa zaidi ya kufa kuliko mwenzake aliyelishwa vema. Basi katazo lisilo na mbadala si tiba.

Yafaa tukumbuke historia. Mwaka 1827 daktari Richard Bright wa hospitali ya Guy's, London, alitoa kitabu kilichofungamanisha uvimbe wa mwili, mkojo wenye protini na figo zilizoharibika, na kwa miaka mingi maradhi ya figo yakaitwa kwa jina lake. Lakini kuyatambua maradhi si kuyatibu. Mwaka 1964, wakati mashine za kusafisha damu zilikuwa chache mno, madaktari Giovannetti na Maggiore wa mji wa Pisa, Italia, walitangaza lishe yenye protini kidogo sana, na protini hiyo chache ilikuwa ya namna bora kama ile ya mayai. Wagonjwa waliokuwa wakitapika na kulegea walipata nafuu. Habari ilipofika Uingereza, madaktari wa huko waliona kwamba chakula cha Waitaliano hakiwaelei wagonjwa wao, wakaigeuza lishe ile ifuate mapishi ya Kiingereza.

Twapaswa kulitazama jambo hilo kwa makini. Waingereza hawakuwalazimisha wagonjwa wao kula makaroni. Waliihamisha elimu, wakaiacha sahani. Nasi leo twapokea makaratasi yaliyoandikwa kwa ajili ya watu walao mkate, jibini na viazi vya kukaanga, tukamkabidhi mtu wa Rombo, wa Bukoba au wa Pemba. Mtu huyo hajapata kuiona jibini inayokatazwa, na ndizi anayoila kila siku haikuelezwa namna ya kuipika.

HESABU YA MTU MMOJA MMOJA

Mtaalamu wa lishe hufanya kazi namna gani? Kwanza huuliza. Hutaka kujua mgonjwa alikula nini jana, nani ampikiaye, chungu kinapikia watu wangapi, soko liko mbali kiasi gani na fedha ya siku ni kiasi gani. Pili hupima uzito na urefu, hutazama uvimbe, hukadiria nguvu za misuli. Tatu husoma majibu ya damu: kreatinini, potasiamu, fosforasi, sukari. Nne, wakakaa pamoja yeye na mgonjwa wakapanga. Tano, na hili ndilo linalosahauliwa, huonana naye tena baada ya majuma kadhaa, kwa kuwa damu hubadilika na mpango sharti ubadilike nayo.

Tuchukue mfano wa mtu mwenye uzito wa kilo 60, ambaye figo zake zimedhoofika lakini hajaanza kusafishwa damu. Miongozo ya kitaalamu husema kiasi cha protini kimfaacho ni kama gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, yaani gramu 48. Kwa mtu asiye na hesabu hilo ni neno tupu. Mtaalamu hulitia ndani ya sahani: unga wa ugali wa gramu 200 una protini kama gramu 16, mchele wa gramu 100 una kama 7, nusu kikombe cha maharage yaliyoiva kina kama 7, na kipande cha samaki cha gramu 60, ambacho ni mfano wa viberiti viwili vilivyopangwa pamoja, kina kama 14. Mboga na tunda vikikamilisha zilizobaki, siku imetimia. Tazama basi: maharage yamo, samaki yumo, ugali umo. Kilichobadilika ni kipimo.

Sasa tuseme figo za mtu huyu zimeshindwa kabisa, na ameanza kwenda kusafishwa damu mara tatu kwa juma, saa zipatazo nne kila mara. Hesabu yote yageuka. Mashine huondoa taka, lakini pia hupoteza sehemu ya viini vya protini. Sasa hutakiwa gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kila kilo, yaani gramu 60 hadi 72 kwa siku. Aliyekatazwa yai jana, leo anahimizwa alile. Lakini ni wagonjwa wangapi ambao hakuna aliyewaambia kwamba amri ya kwanza imefutwa? Wapo wanaoendelea kulishika katazo la zamani kwa uaminifu mkubwa, nao wanazidi kukonda huku mashine ikifanya kazi yake vizuri. Uaminifu wao wenyewe unawaangamiza, kwa kuwa hakuna mtu wa kukaa nao na kuwapa hesabu mpya.

NDIZI, CHUMVI NA MBIRIMBI

Juu ya potasiamu, mtu asijikataze kwa hofu tu. Wengi walio katika madaraja ya mwanzo hawana haja ya kuacha matunda na mboga, navyo vinawafaa. Damu ikionyesha imepanda, ndipo mapishi hubadilishwa. Ndizi, viazi na mihogo vikimenywa, vikakatwa vipande vidogo, vikachemshwa katika maji mengi na maji yale yakamwagwa, sehemu kubwa ya potasiamu huondoka. Kuloweka peke yake hakutoshi. Moto ndio uitoao. Mtori wa Kilimanjaro hupikwa na kupondwa ndani ya maji yake yenyewe, kwa hiyo potasiamu yote hubaki chunguni. Mtaalamu aujuaye mtori hatamwambia Mchaga auache kabisa. Atamwonyesha kuzichemsha ndizi kwanza, kumwaga maji, kisha kuzipika upya, na kuridhika na bakuli dogo. Wa pwani naye aambiwe wazi kwamba madafu, yanayosifiwa kuwa dawa ya kila kitu, yamejaa potasiamu, na kwamba tende nazo ni hivyo hivyo. Mgonjwa anayetaka kufunga Ramadhani na ashauriane na daktari wake kabla mwezi haujaandama, asingoje mpaka jioni ya kwanza akafuturu kwa tende kumi na bilauri mbili za madafu.

Juu ya chumvi, kipimo cha watu wote ni kutozidi gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na ndani ya kijiko hicho imo chumvi iliyojificha katika mkate, samaki wa ng'onda, dagaa wa chumvi, achari na viungo vya mchuzi vya pakiti. Magadi yatiwayo katika maharage ili yaive upesi nayo yana sodiamu ile ile iliyomo katika chumvi. Mapishi ya nchi hii hayana upungufu wa vionjo: ndimu, tangawizi, kitunguu saumu, bizari, pilipili na iliki vimo sokoni, na ulimi huzoea baada ya majuma machache. Lakini mtu ajihadhari na ile chumvi iuzwayo madukani kwa jina la mbadala, maana nyingine imetengenezwa kwa potasiamu, na kwa mgonjwa wa figo ni hatari kuliko chumvi yenyewe.

Fosforasi nayo ina siri yake. Ile iliyomo katika maharage na nafaka imefungwa, na mwili hupata sehemu ndogo tu. Ile inayotiwa viwandani katika soseji, nyama za kopo na soda nyeusi huingia karibu yote. Kwa hiyo mgonjwa aliyeacha maharage akabaki na soda na soseji amefukuza mbuzi akamkaribisha chui.

Kuna pia mbirimbi. Watu wa pwani huzitia katika mchuzi na achari, na wapo wanaozikamua wakanywa maji yake kwa ajili ya presha au kisukari. Mbirimbi zina asidi ya okzaliki nyingi sana, na madaktari wa India wameeleza habari za watu walioharibikiwa na figo baada ya kunywa maji yake mazito. Ndugu yake, lile tunda ambalo ukilikata hutoa umbo la nyota, lina sumu inayoweza kumpotezea fahamu mgonjwa wa figo. Karatasi ya kigeni haiwezi kumwonya Mswahili juu ya achari ya shangazi yake. Atakayemwonya ni mtaalamu aliyeuliza, “Nyumbani mnakula nini?”

Na maji? Wengi huamini kwamba kunywa maji mengi husafisha figo zilizoharibika. Aliye katika madaraja ya mwanzo na anywe kwa kiu yake. Aliyevimba, au ambaye mkojo wake umepungua, hupewa kipimo. Naye na ajaze chupa yake asubuhi, anywe kutoka humo tu, ajue amefika wapi. Mwenye kisukari aelewe pia kwamba figo zikidhoofika dawa ya sukari hukaa mwilini muda mrefu zaidi, na sukari yaweza kushuka ghafla. Ikishuka, sukari ya kawaida au asali humfaa kuliko maji ya machungwa, ikiwa potasiamu yake iko juu.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Hayo yote hayawezi kufanywa na mgonjwa peke yake. Nyumba nyingi zina chungu kimoja na sinia moja. Mgonjwa akitengewa chakula chake pembeni hujiona ametengwa na watu wake, na baada ya siku chache huiacha sahani yake akarudi siniani. Ni heri mpishi wa nyumba aende pamoja naye kwa mtaalamu, ajifunze kupika chakula cha wote kwa chumvi kidogo, kisha wengine wajiongezee mezani. Tena nyumba nzima itafaidika, maana watoto wa mwenye shinikizo la damu nao wamo katika hatari ya kurithi. Na katika misiba na karamu, mwenyeji asimshurutishe mgonjwa kula akidhani anamheshimu.

Mgonjwa naye ana wajibu. Aende na dawa zake zote mfukoni, pamoja na mizizi na unga aliopewa kijijini, bila kuona haya. Aseme kweli juu ya anachokula na fedha aliyo nayo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mficha chakula hali kadhalika. Na asimeze ovyo vidonge vya maumivu kama diklofenaki, maana navyo huzipiga figo zilizokwisha jeruhiwa.

Lakini mzigo mkubwa ni wa wenye kupanga huduma. Nchi hii ina taasisi ya chakula na lishe tangu mwaka 1973. Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kinafundisha wataalamu wa lishe. Mwaka 2008 zilitolewa jedwali za viini vya vyakula vya Tanzania, ambazo ndani yake mtu ataona kilichomo katika mchicha, kisamvu na ndizi zetu. Halmashauri zina maafisa lishe, ingawa sehemu kubwa ya kazi yao imekuwa juu ya watoto wachanga na akina mama, kazi njema isiyopaswa kupunguzwa. Elimu ipo basi, na watu wa kuieneza wapo. Kilichosalia ni kuwaweka pale alipo mgonjwa.

Twashauri kwamba kila kliniki ya figo, kisukari na shinikizo la damu iwe na siku maalumu za mtaalamu wa lishe, na kwamba kila mgonjwa aonane naye tangu daraja la tatu, kabla ya mashine. Twashauri karatasi za mafundisho ziandikwe kwa Kiswahili, kwa vipimo vya kikombe, kijiko na kiberiti, na kwa vyakula vya kila mkoa. Twashauri bima zihesabu saa ya mtaalamu wa lishe kuwa tiba, sawa na chupa ya dawa. Gharama ya saa hiyo ni ndogo mno ikilinganishwa na kusafishwa damu mara tatu kwa juma maisha yote. Na mwaka mmoja ambao mtu ameukwepa mpira wa mashine ni mwaka aliolima, aliofundisha, aliolea wanawe.

Na wewe, ndugu msomaji, uliye na kisukari au shinikizo la damu, usingoje miguu ivimbe. Pimwa damu na mkojo mwaka huu. Majibu yakionyesha kwamba figo zimeanza kuchoka, usikubali kuondoka hospitalini na neno “usile” peke yake. Uliza kwa adabu, lakini uulize: nile nini, kiasi gani, na nani atakayenisaidia kuhesabu?